TAPELI ANAUZA HARAKA: Mjue Mapema, na Hakikisha Mteja Hakufananishi Naye

Leo tuongee kuhusu utapeli wa mtandaoni na matangazo ya uongo.

Najua kuna mtu ameshasema, "Hii mada ni ya wateja, mimi ni muuzaji." Hapana, inatuhusu mara mbili. Kwanza, sisi wauzaji wadogo ni wanunuzi wakubwa. Kila wiki tunanunua mzigo, tunanunua vifungashio, tunalipia matangazo, tunatuma hela kwa watu ambao sura zao hatujawahi kuziona. Pili, mteja aliyeingizwa mjini kwenye peji nyingine anakuja kwako na hofu ileile. Anauliza bei, anauliza duka liko wapi, anauliza tena, halafu anapotea. Tapeli kala hela yake mara moja, lakini wewe unakosa oda zake mwaka mzima.

Mimi nauza mabegi na viatu. Biashara sikusomea chuo, nimeishia sekondari, mengine nimejifunza Kariakoo na kwenye simu. Kitu kimoja nilichokiona ni kwamba mbinu za matapeli zinabadilika kila mwezi. Ukikariri mbinu moja, watakuja na nyingine. Ila ukiivua nguo kila mbinu, mifupa yake ni ileile. Ndiyo hiyo nataka uijue.

DALILI TATU ZA KUKAA KICHWANI

1. HARAKA. "Umebaki mmoja." "Ofa inaisha saa kumi." "Kuna mtu mwingine anautaka, tuma sasa hivi." Tapeli hataki ufikirie, maana ukifikiria dakika kumi umeshamjua. Wazee walisema haraka haraka haina baraka, na kwenye hela ya mtandaoni ndipo maneno hayo yanapofanya kazi.

2. NJIA YA PEMBENI. Anakutoa kwenye njia yenye ulinzi akupeleke kwenye njia yake. "Usilipe kwenye Lipa Namba ya duka, tuma kwenye namba hii ya kaka yangu." "Usilipe ndani ya programu, kuna makato." "Usipige simu, niandikie tu."

3. HELA INATANGULIA, UHAKIKA UNACHELEWA. Unatakiwa kutoa kitu sasa, ambacho kinaweza kuwa hela, namba ya siri au kodi ya simu, halafu utaona baadaye.

Sasa sikiliza vizuri. Hata muuzaji mkweli anaweza kuwa na dalili moja kati ya hizi. Mimi mwenyewe mteja wa mkoani namwambia atangulize malipo. Kwa hiyo dalili peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Kipimo ni hiki: MWOMBE NAFASI YA KUHAKIKI. Mwambie, "Sawa, naomba nipige simu ya video nione mzigo," au "Nitamtuma ndugu yangu apite dukani." Mkweli atakupa nafasi, hata kama kwa kunung'unika kidogo. Tapeli atakasirika, atakuambia humwamini, atakupa sababu ya msiba au ugonjwa, au atakublok.

UTAPELI UNAOTULENGA SISI WAUZAJI

Meseji ya malipo feki. Huyu ndiye adui namba moja wa anayeuza kwa simu. Mteja anaagiza, anatuma bodaboda aje kuchukua, halafu unapokea meseji au skrinishoti kwamba amelipa. Jumamosi moja jioni mtu aliagiza viatu jozi mbili, 85,000. Bodaboda kafika, anapiga honi nje, na skrinishoti imeingia. Imepangwa vizuri kabisa, ina jina langu na namba ya muamala. Nikafungua menyu ya simu nikaangalia salio, hakuna kitu. Nikamwandikia, "Hela haijaingia, ikiingia tu bodaboda anaondoka na mzigo." Akaanza: "Bosi wewe hujui biashara, mtandao unasumbua, mtoe kijana asichelewe." Nikasema nasubiri. Baada ya dakika tano nikakuta nimeblokiwa, na bodaboda wa watu kabaki anadai nauli yake.

Kanuni ni fupi. Skrinishoti si hela. Meseji si hela. Hela ni salio uliloangalia mwenyewe kwenye menyu. Hata mteja awe anakuita mama, hata mvua inyeshe. Kama umemwachia mtu duka, mpe njia ya kuangalia malipo. Usimwache ategemee kuonyeshwa simu na mteja.

"Nimekosea kutuma, nirudishie." Inaingia meseji kwamba umepokea 120,000. Sekunde chache baadaye mtu anapiga, analia, anasema ile ni hela ya hospitali, naomba unirudishie. Angalia salio kwanza. Mara nyingi meseji imetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu binafsi, haikutoka kwenye mtandao. Na hata kama hela imeingia kweli, usiirudishe kwa kutuma mwenyewe. Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake, waurudishe muamala kwa utaratibu wao. Njia yenye ulinzi ni hiyo.

"Ile hela itume kwenye namba hii." Hii kila Mtanzania mwenye simu ameshaipata. Anayeituma hakujui, anarusha ndoano kwa maelfu ya watu, akitegemea kumpata mmoja ambaye siku hiyohiyo alikuwa anatakiwa kumtumia mtu hela. Na nani anadaiwa hela kila siku kama siyo mfanyabiashara? Ukipata meseji inayobadilisha namba ya malipo ya mtu unayemlipa kila siku, mpigie kwa namba yake ya zamani. Na kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Lile jina limewekwa pale kwa kazi hiyo.

Kodi ya tarakimu sita. Mtu, tena anaweza kuwa rafiki yako kwenye WhatsApp, anasema, "Samahani, nimetuma kodi kwenye namba yako kwa bahati mbaya, nisomee." Ukimsomea, umempa ufunguo wa akaunti yako. Yeye ataingia, wewe utatolewa nje, halafu ataanza kuwaandikia wateja wako: "Leo tuna ofa, lipieni namba hii." Hela watakayopoteza wataidai kwako, kwa sababu jina na picha ni vyako. Fanya kitu kimoja leo: ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Fanya hivyo pia Instagram na Facebook. Na kodi husomewi na wala humsomei mtu, hata mdogo wako.

Msambazaji hewa. Peji ina picha za mzigo wa jumla kutoka China, bei ni nusu ya bei ya Kariakoo. Wewe unajua bei za Kariakoo, jiulize yeye anapataje. Ukiagiza kupitia Alibaba, ule ulinzi wa Trade Assurance unakuhusu endapo tu umelipa humohumo ndani. Muuzaji akikuambia mlipane nje ili akupunguzie, anakutoa kwenye ulinzi. Kwa msambazaji wa hapa nyumbani, anza na oda ndogo, na kama una mtu mjini mwombe apite dukani. Usione aibu. Anayeuza kwa jumla kweli amezoea watu kuja kukagua.

Fursa na mikopo. Sisi tunaotafuta mtaji ndio tunaopigwa hapa. Wakubwa wanakumbuka DECI, ambayo serikali iliisimamisha mwaka 2009 watu wakiwa wameshapanda hela zao wakisubiri kuvuna. Vijana wa juzi mnaijua LBL ya mwaka 2025: unalipia kujiunga, halafu unalipwa kwa kutazama matangazo. Jiulize swali moja: hii hela inatoka kwenye bidhaa gani? Kama jibu ni "kwa wanaojiunga", ujue wa mwisho ndiye atakayewalipia wote, na hujui kama wa mwisho siyo wewe. Kwa upande wa mikopo, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yanayofanya kazi bila leseni. Anayekutaka utume "ada ya fomu" ndipo upewe mkopo, anataka ada tu.

JINSI YA KUICHUNGUZA PEJI KWA DAKIKA TANO

Hii itumie unaponunua, na wafundishe wateja wako pia.

- Angalia umri wake. Instagram, gusa nukta tatu juu ya akaunti, tafuta sehemu inayoeleza kuhusu akaunti hiyo. Mara nyingi utaona mwezi na mwaka ilipofunguliwa. Kwenye kurasa za Facebook kuna sehemu ya uwazi wa ukurasa, utaona ulifunguliwa lini na kama umewahi kubadilishwa jina. Ukurasa uliokuwa wa vichekesho mwaka jana na leo unauza friji, ukae nao mbali.

- Soma jina herufi kwa herufi. Peji feki inaiba picha zako zote na kubadilisha nukta moja au kuongeza herufi moja. Kila mwezi litafute jina la duka lako uone kama una pacha usiyemzaa. Ukimkuta, mripoti na uwatangazie wateja wako.

- Angalia komenti. Wafuasi 80,000 lakini komenti zimefungwa? Au komenti zote ni "nimepokea mzigo wangu asante" zimeandikwa siku moja? Wafuasi wananunuliwa, na ushuhuda unaandikwa na mtu mmoja mwenye simu tatu.

- Tafuta picha ilikotoka. Iweke kwenye Google Lens. Ukiikuta kwenye tovuti kumi za nje, muulize muuzaji akupe video ya mzigo huo akiwa ameshika karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo.

- Piga simu. Namba isiyopokea simu, inayojibu meseji tu, ni dalili ya pili ile.

- Zawadi ya kulipia nauli si zawadi. "Umeshinda simu, tuma 5,000 ya usafiri." Peji nyingi za namna hii zinatumia picha za wasanii maarufu. Hesabu: watu 300 wakituma 5,000, hiyo ni 1,500,000, na simu yenyewe haipo.

SASA TUSEMANE SISI WENYEWE

Hapa ndipo wengine watanuna, lakini tusifichane. Kati ya utapeli na ukweli kuna tangazo la kupotosha, na hilo tunaliposti sisi. Mzigo upo, duka lipo, ila maneno yamempeleka mteja pasipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Lakini hata kabla ya sheria, mteja mwenyewe ana hukumu yake: harudi, na anawaambia wenzake.

Punguzo la kubuni. "Ilikuwa 70,000, sasa 35,000!" wakati begi hilo hujawahi kuliuza zaidi ya 35,000. Mteja mjanja anarudi nyuma kwenye posti zako za miezi mitatu, anaona bei, anajua. Kama wewe ndiye mnunuzi, fanya hivyohivyo.

Bei ya "kuanzia". Picha ni ya kiatu cha 60,000, maandishi ni "kuanzia 15,000". Kiatu cha 15,000 hakimo hata kwenye picha. Weka bei ya kile kinachoonekana.

"Umebaki mmoja tu." Umesema hivyo Jumatatu, na Ijumaa bado umebaki mmoja. Huko ni kuuza haraka kama tapeli, na mteja aliyewahi kupigwa anakusoma hivyohivyo.

"Orijino." Neno hili limechoka. Mteja anaponunua simu mfundishe kubonyeza *#06#, aichukue ile namba ya IMEI yenye tarakimu 15 na kuituma kwenda 15090 aone taarifa za simu hiyo. Kwenye pawabenki, maandishi ya mAh 50,000 kwenye kitu chepesi kinachotosha kiganjani ni changa la macho, kwa sababu betri ya kweli ina uzito. Na kwenye mabegi na viatu, kusema "hii ni kopi daraja la kwanza" hakukuokoi kama inabeba nembo ya kampuni nyingine. FCC inakamata bidhaa bandia, na mzigo ukikamatwa mtaji wako ndio umeondoka.

Miujiza ya ngozi na mwili. "Siku saba unakuwa mweupe." "Unapungua kilo kumi bila kubadilisha chakula." Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na bado vinauzwa kwenye vikopo visivyo na maandishi. Bidhaa isiyoandikwa imetengenezwa na nani, ina nini ndani na inaisha muda lini, usinunue na usiuze. Hapo si hela tu, ni ngozi na figo za mtu.

Picha ya mtandaoni. Wengi tunauza kama winga, hatuna mzigo ndani, tunaufuata Kariakoo mteja akishalipa, tunaweka cha juu chetu. Kuwa winga si dhambi. Dhambi ni kuposti picha ya kitambaa kizito halafu kumpelekea mtu chandarua. Nenda kwenye duka unakochukulia, omba ruhusa, piga picha zako. Zikiwa hazijang'aa sana haidhuru. Picha ya kawaida ya mzigo wa kweli inauza mara nyingi, picha ya kuazima inauza mara moja.

MPE MTEJA NAFASI YA KUKUHAKIKI

Rudi kwenye kile kipimo: mkweli anatoa nafasi, tapeli anaibana. Basi usisubiri mteja aombe, mpe mwenyewe.

1. Lipia kwa Lipa Namba yenye jina la biashara. Mteja anapolipa anaona jina la duka lilelile aliloliona kwenye peji, siyo jina la mtu asiyemjua. Kama bado unatumia namba ya kawaida, andika wazi kwenye peji jina litakalotokea.

2. Kwa wateja wa mji uliopo, pokea malipo mzigo ukifika. Nauli ya bodaboda wailipe kwanza ili usipate hasara wakigoma.

3. Kwa wa mikoani, gawanyeni hofu. Wewe unaogopa mzigo kukataliwa, yeye anaogopa hela kuliwa. Mimi mteja mpya namwambia alipe nusu, namtumia video nikiufunga mzigo wenye jina lake, kisha picha ya risiti ya ofisi ya basi. Mzigo ukifika stendi, anamalizia nusu ndipo anaruhusiwa kuuchukua. Mpange hilo na wakala wa basi mapema. Dada mmoja wa Mbeya alinisumbua hivyo siku mbili, maswali juu ya maswali. Nilimjibu yote. Siku hizi analipa yote mara moja, na ameniletea wateja wa saluni nzima.

4. Andika masharti ya kurudisha mzigo mahali panapoonekana. Siku ngapi, kwa sababu zipi, nauli analipa nani. Ukishaandika, yatekeleze.

5. Mteja akikuuliza maswali mengi, usimjibu "kama huna hela acha". Huyo anafanya kile tunachowafundisha.

UKISHAPIGWA, FANYA HIVI MARA MOJA

Usikae na aibu, dakika zinahesabika. Piga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, omba muamala uzuiwe kabla hela haijatolewa. Piga skrinishoti za mazungumzo yote, namba, jina na peji kabla hajazifuta. Meseji ya kitapeli ipeleke kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo. Nenda kituo cha polisi ukafungue jalada. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu mambo haya. Kama kuna vitambulisho vyako vilivyotumwa, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ambayo huijui nenda kaifute. Halafu jihadhari na anayekuja baadaye kusema, "Mimi naweza kukurudishia hela yako, tuma kidogo ya kazi." Huyo ni tapeli wa pili, na mara nyingine ni yuleyule wa kwanza.

Kwa leo kazi za nyumbani ni mbili tu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kabla hujalala. Kisha ifungue peji yako kama mgeni, mtu aliyepigwa jana, ukaisome posti kwa posti. Kila inapomharakisha, kumficha bei au kumnyima njia ya kuhakiki, rekebisha. Na mtumie mwenzako anayeanza kuuza, kabla mtaji wake haujaonja.